SOMO: KIZIWI KATIKATI YETU

Masomo: Marko 7:31-37, Luka 1:59-64



Somo hili tunaliandika kwa haya, maana linatuhusu sisi mashemasi wenyewe. Mama mmoja wa parokia yetu alituletea binti yake wa miaka minne. Mtoto alikuwa akisema vizuri. Akashikwa na homa kali, shingo ikakauka, akalazwa hospitali. Alipopona, hakugeuka tena akiitwa, na polepole maneno yakampotea. Sisi tukamweka katikati ya watu, ngoma zikilia, tukapaza sauti masikioni mwake siku tatu. Aliogopa, akalia. Kisha mtu akasema kwamba nyanya yake ndiye aliyemfunga masikio. Sisi tukanyamaza. Yule mama mzee akafukuzwa nyumbani kwa mwanawe mwenyewe.

Baadaye muganga alitueleza. Ile ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojikunja kama konokono, chenye vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti. Homa hiyo inaweza kuviua, na vikifa haviote tena. Surua pia inaharibu masikio. Sindano kama streptomisini na jentamisini zinaokoa maisha, lakini kwa wengine zinaua usikivu. Basi tusijinunulie sokoni bila muganga. Sikio linalotoa usaha litibiwe mapema. Wengine wanazaliwa viziwi, bila kosa la mtu yeyote.

Tunamwita bubu, na ulimi wake ni mzima! Mtoto anajifunza kusema kwa kusikia. Asiposikia, anahitaji lugha ya mikono, na ahitaji mapema, kabla akili yake haijakaa miaka mingi bila maneno. Lugha ya ishara si mchezo wa kubahatisha. Ina kanuni zake kama Kiswahili.

Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1925, alipoteza usikivu akiwa na miaka 11 kwa ugonjwa huo huo. Mwaka 1957 alifungua shule ya viziwi huko Accra, nchini Ghana. Alipokufa katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987, shule alizoanzisha Afrika zilikuwa zimepita 30, na nchi yetu ni mojawapo ya zile alizozifikia. Kiziwi ndiye aliyefundisha viziwi.

Sasa tazameni Marko. Bwana alimtoa yule mtu kando ya makutano. Akatia vidole masikioni, akagusa ulimi, akatazama mbinguni, ndipo akasema neno. Mtu asiyesikia angeelewa nini kwa sauti? Alionyeshwa kwanza. Sisi tulifanya kinyume: makutano, ngoma na kelele. Hata jirani za Zakaria walimuuliza kwa ishara, wakampa kibao aandike.

Kuomba hatukuacha. Lakini tulikwenda kwa yule nyanya kutaka msamaha. Alituacha tumesimama mlangoni muda mrefu, kisha akaleta viti. Amerudi kwa mwanawe. Mjukuu wake anasoma shule ya viziwi, naye ndiye anayemfundisha nyanya ishara za maji, chakula na kulala.

Kila Jumapili baada ya ibada, mwalimu wake anatufundisha ishara sisi mashemasi. Wazazi wenye watoto wasiosikia waje nao. Benchi ya mbele, upande wa mimbari, ni yao.