Tengeneza na Ndugu Yako Kwanza
Somo: Lawi 23:26-32, Mathayo 5:23-24

Wayahudi hawaingii Siku ya Upatanisho ghafla. Mwezi wa Elul, wenye siku 29, hutangulia, nao ni wa kujichunguza. Karibu kila asubuhi, katika masinagogi mengi, pembe ya kondoo dume hupigwa ili kuamsha moyo uliolala. Na walimu wao wa kale walifundisha hivi katika Mishna: siku hiyo haiondoi kosa la mtu kwa mwenzake mpaka amwendee na kupatana naye.

Hapo ndipo niliposhikwa. Mwaka jana nilifunga siku tatu nikiomba rehema, na huku nina deni la ndugu yangu, shilingi 6,000. Akipiga simu, naiacha ilie tu. Nililia madhabahuni, lakini moyo ulibaki mzito. Siku ya nne nikampigia: "Nimekukosea. Pesa nilikuwa nayo, nikakuficha." Akanyamaza, kisha akasema, "Si pesa iliniuma. Ni vile ulinikimbia." Nilianza kulipa wiki hiyo.

Mpendwa, sisi tumeoshwa kwa damu ya Yesu, hatungoji mwezi fulani ndio tutubu. Lakini neema si maficho ya kumkwepa mtu. Yesu alisema uache sadaka pale pale, ukapatane kwanza.

Zoezi la wiki: andika jina moja. Usiseme "kama nilikukosea". Taja kosa lenyewe. Ulichochukua, rudisha. Halafu Jumapili uje na sadaka yako. Amina.