'Aib ya gunia na aibu ya mtu

Msimu uliopita wa korosho nilikuwa Newala, na baada ya swala ya Ijumaa mzee mmoja alinivuta pembeni. Alikuwa amepeleka magunia yake chama cha msingi. Mawili kati ya hayo yalikuwa na korosho zenye unyevu chini, juu akaweka kavu. Yakapita. "Ustadhi," akaniambia, "moyo unanisuta. Lakini kurudi kusema naona aibu."

Gari likiteremka kutoka uwanda wa Makonde kwenda Masasi, neno lile halikunitoka.

Aibu tumeitoa katika Kiarabu, 'aib, na maana yake ya kwanza ni kasoro ndani ya kitu: ufa wa chungu, kilema cha mnyama. Waarabu nao hulitumia kwa fedheha, lakini kwetu maana ya kitu imefifia kabisa, umebaki uso wa mtu mbele ya watu. Hatusemi baiskeli ina aibu. Tunasema ina kasoro, dosari au ila. (Na ila hii si ile ya "isipokuwa". Hii ni 'illa kwa herufi ya 'ain, neno ambalo wanazuoni wa hadithi hulitumia kwa dosari iliyojificha katika hadithi inayoonekana nzima.)

Katika Qur'an mzizi wa 'aib umekuja mara moja tu, Suratul Kahf aya ya 79. Khidhri anamweleza Nabii Musa (as) kwamba alilitoboa jahazi la maskini ili alitie 'aib, kwa sababu kulikuwa na mfalme akipora kila jahazi. 'Aib hapo ni tundu la ubao. Hakuna aliyefedheheka; maskini wale walibaki na riziki yao.

Mafakihi wakalichukua neno kwa maana hiyohiyo. Katika mlango wa biashara wana khiyarul 'aib, yaani haki ya mnunuzi kurudisha mali akigundua kasoro iliyokuwepo kabla hajaipokea. Ibn Majah amepokea kutoka kwa 'Uqba bin 'Amir (ra) kwamba Mtume (saw) hakumhalalishia Muislamu kumuuzia ndugu yake kitu chenye 'aib bila kumbainishia. Na Muslim amepokea kisa cha Mtume (saw) kutia mkono katika lundo la chakula sokoni, vidole vikakuta majimaji chini. Mzee wangu wa Newala angekuwepo siku ile angejijua.

Ama 'aib ya mtu, hukumu yake ni kusitiriwa. Sisi tumegeuza: gunia tunalisitiri, mtu tunamtangaza barazani. Bado zipo nyumba ambamo mgeni akibisha hodi mtoto mwenye ulemavu hupelekwa chumba cha ndani, kama kwamba yeye ndiye korosho mbichi. Kilema ni neno letu wenyewe la Kibantu, ndugu yake kulemaa. Ndani yake hamna fedheha, tumeitia sisi.

Jioni ile nilimpigia simu mzee. Nikamwambia: unyevu ule si aibu yako, ni 'aib ya korosho, na mahali pake pa kutajwa palikuwa mizanini. Tangu msimu wa 2007/2008, Mtwara ilipoanza stakabadhi ghalani, korosho za wakulima wengi hukusanywa ghalani na kuuzwa pamoja mnadani. Gunia lako likivunda, bei inashuka hata kwa mjane aliyeanika zake siku nzima. Nenda ukaseme, urudishe tofauti ya bei ya daraja la kwanza na la pili.

"Na jina langu litasomwa mkutanoni?"

Nikamjibu kuwa sitara ni haki yake, azungumze na katibu faragha. Kinachotakiwa kufunuliwa ni magunia.

Jumatatu asubuhi simu yangu ikalia. Alikuwa mlangoni mwa ofisi ya chama, anataka kujua akiingia atangulize nini baada ya salamu.