Ukurutu wa Sehemu za Siri: Kwa Nini Hukawia Kupona

Ukurutu ukitokea mkononi, mgonjwa huuonyesha zahanati bila kusita. Ukitokea kwenye sehemu za siri, aghalabu hukaa nao kwa miezi, hata miaka, akijitibu kwa siri kwa dawa alizoelekezwa na rafiki. Haya hiyo ndiyo inayougeuza ugonjwa mdogo kuwa sugu. Kwa kweli ukurutu si ugonjwa wa zinaa, wala hauambukizwi.

Tabaka la nje la ngozi laweza kufananishwa na ukuta wa matofali: seli zilizokufa ndizo matofali, na mafuta yaliyo baina yake ndiyo udongo wa kujengea. Mafuta hayo yakipungua, maji hutoka mwilini kwa wingi na vitu vya kuchokoza hupenya ndani. Katika sehemu za siri ukuta huo ni mwembamba, nao hupambana daima na jasho, mkojo na msuguano wa nguo.

Adui mwingine ni sabuni. Ngozi ina asidi kidogo, pH yake ikikaribia 5, ilhali sabuni ya kawaida ina pH ya 9 hadi 10. Mwalimu aweza kulithibitisha jambo hili darasani: karatasi nyekundu ya litimasi ikichovywa katika maji ya sabuni hugeuka buluu. Basi mgonjwa anayejisugua kwa sabuni mara tatu kwa siku, akidhani kwamba mwasho watokana na uchafu, huubomoa ukuta uleule anaotaka kuujenga. Ndimu na dawa za kuulia vijidudu huzidisha madhara.

Kisha huja kujikuna. Ngozi inayokunwa kila usiku hujilinda kwa kuwa nene na ngumu, na ngozi nene huwasha zaidi. Mzunguko huo huweza kuendelea hata baada ya kisababishi cha kwanza kutoweka.

Mwaka 1952 Marion Sulzberger na Victor Witten, madaktari wa Marekani, walieleza mafanikio ya kupaka haidrokotisoni juu ya ngozi yenye ukurutu. Dawa za jamii hiyo, yaani steroidi, zingali msingi wa tiba. Lakini mwaka 1967 Feldmann na Maibach walipima haidrokotisoni iliyotiwa kaboni yenye mnururisho, wakichunguza kiasi kilichotokea katika mkojo. Ngozi ya mfuko wa korodani ilipitisha dawa mara 42 kuliko ngozi ya kigasha. Paji la uso mara 6 tu. Hapana budi mwanafunzi aitafakari tarakimu hiyo. Malhamu kali inayofaa kiganja chenye sugu yaweza kuikondesha ngozi ya sehemu za siri na kuiachia michirizi isiyofutika. Krimu za kujichubua, ambazo baadhi yake huwa na steroidi kali, zisitumiwe hapo kamwe.

Kwa kawaida daktari huanza na haidrokotisoni ya asilimia 1, ikipakwa kidogo sana kwa muda mfupi. Mgonjwa huoga kwa maji matupu mahali hapo, hujikausha kwa kugusagusa badala ya kusugua, kisha hupaka vaselini isiyo na manukato. Chupi za pamba zisizobana, zilizosuuzwa mpaka povu liishe, hufaa kuliko za nailoni. Kucha zikatwe fupi, maana mtu hujikuna hata usingizini.

Ikiwa wiki mbili zapita bila nafuu, yafaa ugonjwa wenyewe uchunguzwe upya. Huenda ni kuvu, ambao steroidi huufifisha wekundu wake huku wenyewe ukitambaa mapajani. Huenda ni upele, hasa ikiwa wengine nyumbani au bwenini wanajikuna pia. Hapo hutibiwa wote kwa wakati mmoja. Huenda tena ni mzio wa kitu kilichomo katika dawa yenyewe inayopakwa. Mabaka meupe, vidonda visivyofunga au uvimbe mgumu vyataka daktari mara moja, bila kungoja wiki hizo mbili.