Mtandao Umekatika! Utaanzia Wapi?

Umewahi kumpeleka mdogo wako kituo cha afya ukaambiwa, "Subirini, mtandao unasumbua"? Mnakaa kwenye benchi, muda unakwenda, na mtoto ana homa. Siku hizi vituo vingi vya serikali hapa Tanzania vinaandikisha wagonjwa, dawa na malipo kwa kompyuta, kwa mfumo uitwao GoTHOMIS. Kwa hiyo fundi anayeutunza mtandao naye anahudumia wagonjwa, ingawa havai koti jeupe.

Je, kazi hiyo wewe unaiweza? Unaiweza, uwe msichana au mvulana. Leo tujifunze msingi wake.

MTANDAO NI KAMA MAJI YA ULUGURU

Wakazi wa Morogoro mjini wanajua maji yao yanakotoka: milimani. Mengine hukusanywa kwenye Bwawa la Mindu, yakasafishwa, yakapita bomba kubwa, halafu bomba dogo, mpaka nyumbani kwako.

Mtandao nao una njia yake. Kompyuta za jengo moja huunganishwa kwenye kifaa kiitwacho swichi. Swichi huungana na rauta, ambayo ndiyo mlango wa kutokea nje. Kutoka hapo data husafiri kwa mnara, kama ile iliyoko kilele cha Bondwa, au kwa mkongo uliofukiwa ardhini, hadi kampuni ya intaneti. Ikienda ng'ambo hupita mkongo wa baharini.

Tofauti ni hii: maji huteremka tu, lakini data huenda na kurudi, ikiwa imekatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kila pakiti ina anwani ya aliyetuma na ya anayetumiwa, kama barua. Hiyo ndiyo anwani ya IP, kwa mfano 192.168.1.20.

TAFUTA TATIZO HATUA KWA HATUA

Bomba la nyumbani likikauka, fundi mwenye akili hapandi mlimani kwanza. Anauliza: "Kwa jirani yanatoka?" Yakitoka, tatizo lipo hapahapa. Na wewe fanya hivyo hivyo. Tuchukulie kwamba kompyuta ya dirisha la dawa imegoma.

1. Uliza jirani. Kompyuta nyingine zinafanya kazi? Kama ndiyo, usiguse rauta. Utawakatia wote!

2. Angalia waya. Umechomekwa vizuri? Taa ndogo pale unapochomekwa inawaka? Mara nyingi ufagio tu ndo umeuchomoa.

3. Angalia anwani. Kwenye Windows andika ipconfig. Ukikuta anwani inayoanza na 169.254, kompyuta haikupewa anwani, ikajitungia yenyewe. Hapo usiilaumu kampuni ya intaneti. Tatizo lipo ndani ya jengo.

4. Bisha hodi kwa rauta. Andika ping, kisha anwani ya rauta, ambayo utaiona kwenye mistari hiyohiyo ya ipconfig. Ikijibu, njia ya ndani ni nzima.

5. Bisha hodi nje. Andika ping 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google. Rauta ikijibu lakini hii isijibu, shaka iko kwenye njia ya kutokea nje. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu, na intaneti ikasumbua sehemu kubwa ya nchi. Siku kama hiyo ungefungua kila swichi bure!

6. Angalia majina. 8.8.8.8 inajibu lakini kurasa hazifunguki? Shuku DNS, yaani kile kitabu cha majina kinachogeuza jina kuwa anwani.

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, na andika ulichofanya. Ukiona kazi itachukua muda, mwambie muuguzi waandike kwenye daftari. Mgonjwa asisubiri kompyuta.

CHETI

Vyeti viwili vinavyojulikana sana kwa wanaoanza ni CCNA cha Cisco na Network+ cha CompTIA. Mtihani wa CCNA ni dakika 120, wa Network+ ni dakika 90. Kila cheti hudumu miaka 3. Ada ni mamia ya dola, na ukifeli unalipa upya. Kwa hiyo usikimbilie mtihani. Anza na Packet Tracer, programu ya bure ya Cisco ya kujenga mtandao wa mazoezi ndani ya kompyuta moja. Ukimaliza shule, hapo Morogoro kuna VETA Kihonda, SUA na Mzumbe. Ulizia kozi zao.

Kuna wanaouza "desa" la maswali ya mtihani yaliyoibwa. Ukibainika unaweza kunyang'anywa cheti. Usipobainika, utasimama mbele ya rauta iliyozima, na desa halitakusaidia.

Na mwalimu au bosi akitaka ngono ili akupe nafasi au maksi, hilo ni kosa la jinai kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Si kosa lako! Mwambie mtu mzima unayemwamini, au piga TAKUKURU namba 113, bure.

MWILI WAKO NAO

Kupiga msuli usiku kucha si ushujaa. Kijana wa umri wako anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na ni usingizini ubongo unapoyahifadhi uliyosoma. Ukiwa kwenye kompyuta, kila dakika 20 pumzisha macho kwa kutazama mbali. Mkazi wa Morogoro ana bahati: anafungua dirisha anaitazama Uluguru!

JIPIME

1. Kompyuta moja tu imegoma, na anwani yake inaanza na 169.254. Utaangalia wapi?
2. Kompyuta zote zimegoma. Rauta inajibu, 8.8.8.8 haijibu. Utafanya nini?

Majibu: (1) Waya wa kompyuta hiyo na tundu lake kwenye swichi. Jaribu waya mwingine. (2) Kagua waya unaotoka kwenye rauta kwenda nje, kisha pigia simu kampuni ya intaneti uwaeleze ulichokwisha kupima.

Umepata yote mawili? Hongera, fundi! Umekosa? Rudia zile hatua sita, mara hii na mwenzako wa darasani.