Maelezo ya Mipangilio ya Keneli: Tuiachie Kompyuta Iandike?

Zamu hii safu ya masomo imeniangukia mimi, na mhariri kanionya mapema nisilete mambo ya kompyuta ya kulaza watu. Nitajitahidi. Nataka tuzungumzie zoezi tulilopewa kwenye somo la mifumo endeshi: kuunda programu inayoandika yenyewe maelezo ya mipangilio ya keneli. Wenzangu darasani waliliona zoezi la kawaida tu. Mimi lilinikumbusha aibu ya zamani.

Kwa asiyejua, keneli ni ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, inayogawa kumbukumbu na kusimamia diski na mtandao. Ina mipangilio mingi sana, yaani majina yenye thamani unazoweza kuzibadilisha mashine ikiwa inaendelea na kazi. Kwenye Linux na FreeBSD unaigusa kwa amri iitwayo sysctl. Andika sysctl -a uone yatakavyomwagika majina, hata kuyasoma yote utachoka.

Sasa aibu yenyewe. Mwaka 2014 nilikuwa kwenye ofisi ndogo Dar es Salaam, tunatunza seva ya chuo kimoja. Ilikuwa wiki ya mwisho ya kupokea maombi ya kujiunga. Nikaona seva ina maelfu ya miunganisho iliyokwisha kufungwa lakini bado imeorodheshwa. Hilo si kosa: Linux huuweka muunganisho wa namna hiyo kwa sekunde 60, endapo kuna pakiti iliyochelewa njiani. Mimi nikaona ni uchafu. Nikatafuta dawa, nikakuta watu wengi wanashauri mpangilio mmoja, nikaandika:

sysctl -w net.ipv4.tcp_tw_recycle=1

Ile orodha ikapungua pale pale. Nikaenda kunywa chai, roho kwatu.

Kesho yake simu zikaanza. Mwombaji mmoja anasema tovuti haifunguki, mwenzake aliyekaa naye anasema inafunguka. Sisi ofisini, kwenye waya wetu, kila kitu safi. Tukawaambia watu wazime simu wawashe tena, si unajua majibu yetu mafundi. Siku ya mwisho kijana mmoja akapanda daladala kutoka Mbagala hadi getini kwetu, karatasi zake mkononi, kalowa jasho. Alikuwa amejaribu usiku kucha kwa simu. Nikachukua simu yake nikajaribu mwenyewe. Ikagoma. Nikajaribu ya kwangu, ikakubali. Hapo ndipo nilipojua tatizo si la kijana.

Kumbe ule mpangilio, ukiuwasha, seva huanza kukumbuka mhuri wa saa wa mwisho uliofika kutoka kila anwani. Ombi jipya likija kutoka anwani ile ile likiwa na mhuri ulio nyuma, seva inalitupa kimya kimya, hata jibu hairudishi. Kwenye waya wa ofisi hutaona kitu. Lakini kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na kila simu ina saa yake. Simu ya mmoja ikitangulia, ya mwenzake inaonekana imechelewa, inatupwa. Waombaji wetu wengi walikuwa wanatumia simu. Nikaurudisha mpangilio kuwa 0, chuo kikaongeza siku tatu, na yule kijana tukamwingizia maombi yake pale pale ofisini. Waliokata tamaa nyumbani sikuwajua na sitawajua.

Utauliza, maelezo hayakuwepo? Yalikuwepo. Yalisema kwa kifupi kwamba mpangilio huu unawasha urejeshaji wa haraka wa miunganisho, na usibadilishwe bila ushauri wa wataalamu. Basi. Habari ya watu wengi kutumia anwani moja haikuwemo. (Mpangilio huo wenyewe uliondolewa kabisa kwenye Linux toleo 4.12, mwaka 2017. Mimi sikuulilia.)

Turudi kwenye zoezi. Swali la kwanza ni: maelezo yanakaa wapi? Hapa FreeBSD na Linux zinaachana. Kwenye FreeBSD, mwandishi wa keneli anapotangaza mpangilio huweka maelezo yake hapo hapo ndani ya msimbo. Mfano wangu wa kitoto:

SYSCTL_INT(_debug, OID_AUTO, chai, CTLFLAG_RW, &chai, 0, "Vikombe vya chai kwa siku");

Hayo maneno ya mwisho yanasafiri na keneli yenyewe. Ukiandika sysctl -d debug.chai, mashine itakujibu: vikombe vya chai kwa siku. Jaribu na mpangilio wa kweli, kern.maxfiles, itakwambia kwa Kiingereza kwamba ni idadi ya juu ya mafaili. Anayetaka keneli nyembamba anaweza kuijenga kwa chaguo la NO_SYSCTL_DESCR, maelezo yakaachwa nje ili kuokoa kumbukumbu.

Linux haikufanya hivyo. Jedwali linalotangaza mpangilio lina nafasi ya jina, ukubwa, ruhusa na kazi ya kuushughulikia, lakini maelezo hayana kiti. Yameandikwa kwa mkono kwenye mafaili ya pembeni, na unajua vitu vya pembeni: msimbo unabadilika, faili linasahauliwa. Mwaka 2020 ndani ya Linux iliwekwa skripti iitwayo check-sysctl-docs, ambayo inalinganisha mafaili hayo na msimbo, ikuoneshe mpangilio upi hauna maelezo na maelezo yapi yamebaki bila mpangilio wake. Ni karani wa kukagua, maelezo haiyaandiki. Ila kwa vigezo vya moduli Linux nayo huweka maelezo ndani ya msimbo, na modinfo -p inakusomea.

Kwa hiyo kundi letu lilichagua FreeBSD. Kazi yenyewe ni fupi kuliko nilivyodhani:

sysctl -ad | sed -E 's/\.[0-9]+\./.N./' | sort -u

Amri ya kwanza inatoa majina yote na maelezo yake. Ya pili inageuza namba za vifaa kuwa N. Bila hiyo, kompyuta yenye vichakataji 8 itakuandikia mambo yale yale mara 8, dev.cpu.0 hadi dev.cpu.7, ukurasa unajaa takataka. Ya tatu inapanga na kufuta yaliyojirudia. Baada ya hapo tulikata kila mstari kwenye nukta mbili za kwanza, tukapanga kwa kundi (kern, vm, net na wenzake), tukapata jedwali zuri la kufungua kwenye kivinjari. Kwa mipangilio inayoweza kuandikwa tu, ongeza -W. Kwa ile inayowekwa wakati mashine inawaka, -T.

Tulijikwaa mahali pawili. Kwanza tuliweka safu ya "thamani ya kawaida" tukaijaza kwa sysctl -a. Uongo mtupu! Ile ni thamani iliyopo kwenye mashine yangu sasa hivi, na pengine niliibadilisha jana. Pili, mipangilio mingine haionekani mpaka moduli yake ipakiwe, kwa hiyo jedwali la kwangu na la mwenzangu hayakulingana, tukabishana nusu saa kila mtu akiapa skripti yake ndiyo sahihi.

Tulipomaliza, wenzangu walifurahi. Mimi nikajiuliza: jedwali kama hili lingeniokoa mwaka ule? Hapana. Lingenipangia vizuri, kwa rangi, sentensi ile ile ya "urejeshaji wa haraka". Mashine inakusanya kilichoandikwa, na hapakuwa na mtu aliyeandika nani ataumia. Kwa hiyo nikaomba tuongeze safu moja ya kujazwa kwa mkono: ukibadilisha hapa, nani atalia, na utaonaje? Skripti ikiendeshwa upya inaiacha safu hiyo ilivyo, na mpangilio wowote ambao mtu kaugusa bila kujaza safu unatiwa rangi nyekundu. Mkufunzi alituuliza kama haya bado ni "kujiendesha kwenyewe". Tukamjibu nusu yake. Alama alitupa, ingawa si zote.

Mwenye kutaka kujifunza, aanze na hili. Weka FreeBSD kwenye mashine ya kuigiza, endesha sysctl -ad | grep -E ': ?$' uone mipangilio ambayo maelezo yake ni matupu. Chagua mmoja. Tafuta jina lake kwenye msimbo, soma linafanya nini, uandike sentensi mbili: moja ya kazi yake, ya pili ya nani ataathirika. Ukikwama, mimi Jumamosi nipo maktaba, ghorofa ya chini, karibu na mashine ya kahawa.