Somo la Afya: Mambo Matatu Ambayo Damu Hutueleza

Wengi wetu tunaye jamaa mwenye kisukari cha aina ya pili. Asubuhi hupimwa tone la damu ya kidole. Sukari ikiwa sawa, hufurahi, na wengine huacha dawa siku hiyo hiyo. Tuangalie mambo matatu ambayo damu hutueleza, tupate kuona hatari ya kufanya hivyo.

1. Sukari ya siku zilizopita. Ndani ya chembe nyekundu mna hemoglobini, ichukuayo oksijeni. Sukari ya damu huishika kidogo kidogo. Kwa kuwa chembe hizo huishi siku 120 hivi, kuipima hemoglobini hiyo hutuonyesha hali ya sukari ya miezi miwili au mitatu, wala si ya leo tu. Mwaka 1968 Samuel Rahbar, huko Tehran, Irani, alieleza hemoglobini hii kwa wagonjwa wa kisukari. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilikubali kuwa asilimia 6.5 au zaidi ni alama ya kisukari. Lakini mwenye selimundu, au aliyeongezewa damu karibuni, yampasa amwambie daktari, maana kipimo hiki chaweza kumdanganya.

2. Moto wa ndani. Kidonda kikiingia wadudu huvimba na kupata moto. Ndivyo mwili ujilindavyo. Mafuta yakizidi tumboni, huwasha moto wa namna hiyo, mdogo, usioonekana na usiozimika upesi. Moto huo huizuia insulini isifanye kazi vema, tena huidhuru mishipa ya damu. Ini nalo hutoa protini iitwayo CRP, iliyogunduliwa New York mwaka 1930 katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Mara nyingi wenye kisukari huwa nayo zaidi kidogo kuliko wengine. Hata hivyo, malaria nayo huipandisha. Basi CRP peke yake haithibitishi kisukari.

3. Uchakavu wa mwili. Kwenye ncha za kromosomu kuna vifuniko viitwavyo telomeri, ambavyo hufupika chembe zinapogawanyika. Kwa wastani, vya wenye kisukari huonekana vifupi zaidi. Chembe zilizochakaa nazo hutoa kemikali zinazouchochea moto ule wa ndani. Hivyo moto huleta uchakavu, na uchakavu huongeza moto. Lakini kipimo cha telomeri si cha kumwongoza daktari katika kutibu kisukari. Tusikubali kutozwa fedha kwa ajili yake.

Twajifunza nini? Kwamba macho, figo na mishipa ya fahamu huharibika polepole, hata siku ambazo mgonjwa hasikii maumivu. Sukari njema ya asubuhi moja mara nyingi ni kazi ya dawa, si ishara kwamba ugonjwa umekwisha. Basi tusiache dawa bila shauri la daktari. Tutembee kwa miguu, tupunguze unene, tuache tumbaku, na kila jioni tukague nyayo zetu, tusije tukawa na kidonda tusichokisikia.

Maswali ya kuzungumzia:
(a) Kwa nini kipimo cha kidole hakitoshi?
(b) Nani nyumbani kwetu ameacha dawa, na tutamsaidiaje arudi kliniki juma hili?