SOMO LA MWEZI: KARAKANA YA MAFUNDI WA CHOKAA KIJIJINI



Sisi wa pwani tumerithi majengo mengi ya mawe ya matumbawe na chokaa. Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, lililoanza kujengwa mwaka 1873, ni moja. Nyumba za Lamu ni mfano mwingine.

Siku hizi ukuta wa namna hiyo ukipasuka, wengi hukimbilia saruji. Lakini ukuta wa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa nje tena. Ukiuziba kwa saruji, maji na chumvi hubaki ndani, na baada ya muda lipu hubambuka pamoja na vipande vya jiwe. Fedha za sadaka zimekwisha, na ukuta umezidi kuharibika. Tunahitaji mafundi wa chokaa, na wazee wanaoijua kazi hii wanapungua. Kijiji kinachotaka karakana na kifikirie mambo manne.

1. Fundi kwanza, jengo baadaye. Mtafuteni mzee anayeijua kazi, mpatane ujira wake, na mpeni vijana wawili au watatu. Kijana asiyepata chochote ataondoka kwenda mjini kabla hajajua kuzima chokaa. Basi tafuteni kazi zenye malipo tangu mwanzo, hata kama ni kupaka lipu nyumba moja.

2. Kuni na mawe. Matumbawe huchomwa kwa moto mkali, karibu nyuzi 900 za Sentigredi, na moto huo hula kuni nyingi. Tukikata mikoko, tunaharibu mazalia ya samaki. Pandeni mivinje kabla ya kupanga tanuri la kwanza. Mawe nayo yachimbwe nchi kavu, yasivunjwe kwenye miamba hai baharini.

3. Mpango wa mahali. Tanuri likae mbali na nyumba, nanyi mwangalie moshi utaelekea wapi wakati wa kusi na wakati wa kaskazi. Karibu yake chimbeni shimo la kuzimia chokaa, penye maji matamu, kwa maana maji ya bahari huingiza chumvi ukutani. Banda liwe la boriti na makuti, wazi pande zote. Vijana watakaolijenga watakuwa wamejifunza somo lao la kwanza.

4. Usalama na subira. Chokaa iliyotoka tanurini huchemka ikikutana na maji. Tieni chokaa kidogo kidogo ndani ya maji; msimwage maji juu ya chokaa. Kingeni macho, na watoto wakae mbali. Ikiisha kuzimwa, iacheni shimoni chini ya maji miezi mitatu au zaidi. Kisha changanyeni sehemu moja ya chokaa na tatu za mchanga safi. Pakeni lipu nyembamba, mwikinge na jua kali, na kuinyunyizia maji siku kadhaa. Anayeharakisha kazi hii huirudia.

Maswali ya kuzungumza katika mitaa:

(a) Kwetu, ni nani bado anajua kuchoma na kuzima chokaa? Ni kijana gani anayefuatana naye?

(b) Tanuri letu la kwanza litachomwa kwa kuni za nani, na ni nani atakayepanda nyingine?

(c) Ni ukuta upi wa kanisa letu ungeweza kuwa kazi yao ya kwanza?